Wachezaji wangu walipanga masaa mawili, kikaratasi kimoja kikaua mpango wote. Nilikosea wapi?

MsimuliziUyole

Wakuu habari za jioni. Hili jambo lina wiki ya pili linanikaa kifuani na hapa nyumbani sina wa kumweleza akanielewa, ndo maana nalileta hapa.

Sisi tuko watano hapa Mbeya, kila jumamosi saa tisa tunakutana sebuleni kwangu Uyole tunacheza Dungeons & Dragons. Kwa ambaye hajui, hii ni gemu ya mezani, hakuna skrini wala pedi, mmoja anakuwa msimulizi (ndio mimi) anaeleza dunia ilivyo na kinachotokea, wengine kila mtu ana mhusika wake kamwandika kwenye karatasi, anasema mhusika wangu anafanya hiki, na pale ambapo haijulikani atafanikiwa au la ndio dadu inaamua. Ilitoka Marekani mwaka 1974, sisi tumeanza mwaka jana tu, sheria za msingi zipo bure mtandaoni tunasoma kwenye simu. Dadu ya pande 20 hatuna, nimezunguka Mwanjelwa duka kwa duka nimekuta za ludo tu, kwahiyo tumeandika vikaratasi namba 1 mpaka 20 tukatia kwenye kopo la kahawa, unatikisa unachota.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mhunzi mzee kafungwa kwenye ngome ya tajiri wa chumvi juu ya mlima, na wahusika wanamhitaji maana yeye peke yake anajua kutengeneza ufunguo wa kaburi wanalolitafuta toka mwezi wa tatu. Mimi nilijua wataenda kupigana getini, sikuwa na kingine kichwani. Sasa kuna mwenzetu mmoja ni fundi magari, kijana mpole sana, anaweza kukaa jioni nzima akaongea mara tatu, siku hiyo akasema jamani subirini. Akaomba mfuko wa saruji mtupu, akauchana, akachukua kipande cha mkaa pale jikoni akachora ngome nzima, akaanza kuniuliza maswali. Ukuta una urefu gani, walinzi wanapokezana saa ngapi, upepo unatoka upande gani, chumvi inapandishwa na punda wangapi kwa siku. Masaa mawili aisee. Chai imepoa hakuna aliyegusa. Wakapanga hivi: wawili wanaingia getini kama wapagazi wa chumvi, mchawi wao anajigeuza sura awe msimamizi wa punda, mwizi anapanda ukuta wa nyuma kwa kamba, saa sita usiku majani ya punda yanashika moto upande wa pili, walinzi wanakimbilia moto, mwizi anafungua kufuli, mzee anashushwa kwa kamba, wote wanakutana mtoni. Ulikuwa mpango mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika kwenye daftari langu.

Wakafika getini. Mlinzi anauliza, nyie mnatoka kwa nani? Mchawi anadanganya, nikamwambia chota. Akachota 2. Nikasema mlinzi hajaamini, anapuliza filimbi. Basi ikaisha hapo. Walinzi kumi na mbili wakatoka, wahusika wawili wakaanguka, waliobaki wakakimbia, mwizi hata ukuta hakuugusa, moto haukuwashwa. Dakika ishirini tu. Fundi akakunja ule mfuko wa saruji mara nne, akautia ndani ya koti, akasema "sawa". Jumamosi iliyofuata hakuja, katuma meseji kwamba kazi zimebana.

Swali langu ningefanyaje? Ningetazama kile kikaratasi nikasema ni 12? Mwenzangu mmoja pale mezani anasema ndio, mimi roho inagoma maana tukianza kudanganyana namba sioni tunacheza nini tena. Lakini pia naona kuna mtu nimemuumiza bila kukusudia. Nisaidieni.

HesabuTamu

Pole sana mkuu. Mimi nafundisha hesabu sekondari huku Rungwe na meza yetu ina miaka minne sasa, naomba nikuonyeshe kitu ambacho watu wengi hawakioni mpaka wakikokotoe kwa kalamu.

Chukulia kila hatua ya ule mpango ina ugumu wa 13 na mhusika ana nyongeza ya 5. Namba anayochota ukijumlisha na nyongeza lazima ifike ule ugumu, kwahiyo anatakiwa achote 8 kwenda juu, yani zinamfaa namba 13 kati ya zile 20, sawa na asilimia 65. Ukimwambia mtu asilimia 65 atakwambia hiyo nafasi nzuri tu. Sasa hesabu hatua za fundi wako: kudanganya getini, kupanda ukuta, kuwasha moto bila kuonekana, kufungua kufuli, kumshusha mzee. Tano. Na wewe umeendesha kwa namna kwamba moja ikianguka zote zimeanguka, kwahiyo unazidisha 0.65 yenyewe kwa yenyewe mara tano, jibu ni kama 0.116. Haifiki hata 12 kwa 100. Fundi alikaa masaa mawili akidhani anajenga daraja kumbe kila ubao anaoongeza unapunguza nafasi ya kuvuka, na hakuwa na namna ya kujua hilo maana wewe mwenyewe hukujua.

Hapo ndo penye tatizo na halihusiani kabisa na kudanganya namba. Mtu akifikiri zaidi anapata hatua nyingi zaidi, kila hatua wewe unaiwekea kikaratasi, mwisho wa siku meza yako inamwadhibu anayefikiri na inampa nafuu anayeingia na panga getini. Nilifanya hivyo hivyo mwaka mzima wa kwanza, na wachezaji wangu wakaacha kupanga kabisa, nikawa nalalamika kwamba hawana ubunifu.

Sasa hivi nikisikia mpango najiuliza kila hatua, hapa kuna shaka ya kweli au wameshaiondoa wenyewe? Kama wana punda halisi, chumvi halisi, na wamefika saa ambayo wapagazi huwa wanafika, basi getini hakuna cha kuchota, wanapita, wameshalipia ile hatua kwa kufikiri. Chota ibaki kwenye ukuta na kwenye kufuli. Zikibaki mbili tu, 0.65 mara 0.65 inakupa 42 kwa 100. Na kwenye sheria zenyewe kuna ile ya mtu mwenye unafuu kuchota mara mbili akachukua kubwa, ukimpa hiyo mwizi kwasababu moto umewavuta walinzi, asilimia 65 inapanda karibu 88. Hapo fundi anaona kwa macho kwamba moto wake umefanya kazi.

Na kitu kingine cha haraka, wakinyata wote wanne usimwambie kila mmoja achote halafu akikosa mmoja mmekamatwa. Wote wanne kupata kwa asilimia 65 ni 18 kwa 100 tu. Kanuni inasema kundi linafanikiwa kama nusu yao au zaidi wamepata, ukikokotoa hiyo unapata 87. Ni tofauti kubwa mno na watu wanaipita bila kusoma.

Swali: mkishachota kikaratasi mnakirudisha kwenye kopo?

MsimuliziUyole

Mwalimu nimesoma mara tatu. Hapana hatukirudishi, tunaweka pembeni mpaka kopo liishe ndo tunarudisha vyote. Kwani ina shida?

HesabuTamu

Ina shida kubwa. Dadu haina kumbukumbu, kopo lako linayo. Namba kubwa zikishatoka mwanzoni waliobaki wanachota uchafu tu, na mchezaji mjanja atahesabu zilizobaki kama karata, akijua 1 na 2 zimeshatoka anafanya mambo ya hatari bila wasiwasi. Rudisheni kila mara, tikiseni, chota. Au pakua programu ya dadu kwenye simu, zipo za bure na hazili bando. Ila mimi binafsi napenda kopo, lina mlio.

DadaKihesa

Kamwene wote. Niko Iringa, Kihesa, naendesha meza ya wanawake sita, wengine tulisoma wote chuo. Mwalimu kaongea hesabu na kapatia, mimi naomba niseme kuhusu filimbi.

Mdogo wangu, mlinzi kutoamini ni jambo moja na mlinzi kupuliza filimbi ni jambo lingine kabisa. Kati ya hayo mawili kuna uwanja mkubwa na wewe umeuruka kwa sentensi moja. Mlinzi ambaye hajaamini anaweza kusema subirini hapo nimuulize bosi, anaweza kusema mtalala nje mpaka asubuhi, anaweza kufungua gunia moja akachovya kidole kuonja chumvi, anaweza kutaka chochote kitu. Sisi wote tumeshasimamishwa barabarani na mtu mwenye sare ambaye haamini unachomwambia, imewahi kuishia kwa watu kumi na mbili kukuvamia? Anakuzungusha, anakuchelewesha. Na kuchelewa ndo kungetosha kabisa kuutikisa ule mpango maana mwizi yuko nyuma anasubiri saa sita, moto utawaka saa sita, na hawa wawili bado wako nje ya geti. Hapo sasa fundi anakaa mbele ya kiti, ramani yake bado iko mezani, anaanza kufikiri tena. Namba 2 yako inabaki 2. Hujadanganya mtu.

Nakwambia hivi kwasababu mimi nimefanya kosa baya zaidi. Wenzangu walikuwa wanataka kuwatoa majambazi kwenye mgodi wa zamani, wakapanga kuziba kijito kipande cha juu kisha wakiachie usiku maji yajaze mgodi. Walipanga jumamosi moja nzima na nusu ya jumamosi ya pili, mmoja akapiga hesabu ya mawe. Mimi muda wote huo kichwani kwangu najua mgodi una mfereji wa kutolea maji upande wa pili, kwahiyo hauwezi kujaa, na nimenyamaza nasubiri kuwashangaza. Nikawashangaza kweli. Mwenzangu mmoja akaniuliza taratibu tu, "lakini mhusika wangu ni mchimbaji miaka ishirini, asingejua kwamba migodi ina mifereji?" Sikuwa na jibu. Mhusika angejua. Yeye anayeishi mjini na kufanya kazi ofisini ndo hajui, na mimi nimemwadhibu kwa kutokujua kitu ambacho mtu aliyemwandika kwenye karatasi anakijua usingizini.

Toka siku hiyo kabla mpango haujaanza nawaambia wafunge kwanza mazungumzo, halafu nawauliza: ni vitu gani lazima viwe kweli ili huu mpango ufanye kazi? Wananitajia. Mgodi hauna njia ya maji. Majambazi wanalala ndani. Kijito kina maji ya kutosha mwezi huu. Kile ambacho wahusika wangejua ni uongo nawaambia hapo hapo. Kile ambacho hawawezi kujua nawaambia hamna uhakika, mnaweza kutuma mtu akaangalie. Inachukua dakika kumi. Mipango ya kwangu bado inaharibika, tena sana, lakini inaharibika kwa kitu ambacho walishaambiwa hawana uhakika nacho, na hapo hakuna mtu anayekunja karatasi na kuondoka.

NjombeBaridi

Mimi si msimulizi mimi ni mchezaji tu, na mimi ndo yule fundi wa meza yetu huku Njombe, yani mtu wa kuchora na kupanga. Naomba uniamini kwenye hili moja usidanganye namba. Tulikuwa na msimulizi mwenye moyo mzuri sana alikuwa anarusha dadu nyuma ya daftari, na kila mpango wangu ukawa unafaulu, nikajiona nina akili kweli, mpaka siku moja alienda kupokea simu upepo ukapindua daftari nikaona dadu imelala kwenye 3 na yeye alishatuambia 17. Sikusema kitu. Lakini kuanzia pale kila nilichokumbuka kwamba tulishinda nikawa sijui kama tulishinda, ile safari ya miezi mitano yote ikageuka, na yeye hajui mpaka leo.

Kinachouma mpango ukifa getini sio kushindwa. Kinachouma ni kwamba vile vitu vingine vyote ulivyofikiria havikupata hata nafasi ya kuonekana. Moto haukuwashwa. Ungewashwa halafu tukashindwa ningelala vizuri tu.

MsimuliziUyole

Hii ya mwisho imenigusa mno. "Punda hawakufanya kitu", fundi alisema hivyo wakati anavaa viatu, nilidhani anatania.

KutokaKalenga

Nimewasoma wote na naheshimu ila naona mnamlea sana mchezaji. Mipango si matumizi, kila mtu aliyewahi kupanda mahindi anajua hilo. Kama mpango mzuri lazima ufaulu basi gemu imegeuka kuwa mtihani wa kumridhisha msimulizi, ukimfurahisha unapita. Mimi nasema acha mpango uanguke. Ulipoanguka getini ndo hadithi ilipoanzia, na kosa lako mkuu sio filimbi, kosa lako ni kwamba baada ya dakika ishirini ukafunga daftari.

Mimi ni wa hapa Kalenga, nimekulia karibu na makumbusho, haya mambo tumeyasikia kwa wazee kabla ya kuyasoma shuleni. Tarehe 17 Agosti 1891 kule Lugalo Wahehe wakajificha, msafara wa Wajerumani wa Emil von Zelewski ukaingia katikati, ukapigwa na Zelewski mwenyewe akafia pale. Mpango umefaulu. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akajua watarudi, akajiandaa, ngome ya Kalenga ikiwa na ukuta wa kuaminika. Oktoba 1894 wakarudi na mizinga, ngome ikaanguka. Mpango umeshindwa, tena ule mkubwa, wa miaka. Sasa msimulizi wa mtindo wenu hapo anafunga daftari. Lakini Mtwa alitoka, na toka pale mpaka Julai 1898 alipojiua ili wasimshike akiwa hai, Wajerumani hawakulala usingizi, karibu miaka minne anapigana bila ngome. Sisi huku tukisimuliwa, sehemu ndefu kuliko zote ni hiyo ya baada ya ukuta kuvunjika.

Naomba nisieleweke vibaya, meza yetu hatumchezi Mkwawa, yule ni babu wa watu, fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 na liko hapa hapa tunapita tukiinamisha kichwa. Tunacheza ngome ya kubuni na watu wa kubuni. Lakini nilichojifunza ni kwamba ukuta ukivunjika namuuliza kila mchezaji swali moja tu, umebaki na nini mkononi? Mmoja ana kamba. Mmoja anajua jina la mlinzi. Mmoja kaachwa ndani. Kutoka hapo wanapanga tena wenyewe, haraka, bila ramani, na mara nyingi huo mpango wa pili ndo wanausimulia mwaka mzima.

DadaKihesa

Kaka yangu wa Kalenga nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Ila angalia ulichosema mwenyewe, pale Kalenga ukuta ulipigwa mizinga. Haukuanguka kwasababu mtu mmoja alijibu vibaya getini. Kushindwa kukubwa kunatakiwa kuwa na sababu kubwa, au angalau sababu ambayo mtu anaweza kuisimulia kesho yake bila kuona aibu.

KutokaKalenga

Hapo sina ubishi dada.

ChaiYaMufindi

Wakuu mnaongelea dadu ya pande 20 tu, na mwenye mada kasema anazo za ludo. Zipo gemu nyingine ambazo mbili za ludo zinatosha kabisa. Mtindo huu ulianza mwaka 2010 na sasa hivi kuna gemu nyingi zinazoufuata. Unarusha zote mbili unajumlisha na nyongeza yako. 10 kwenda juu umepata safi. 7 mpaka 9 umepata lakini kuna gharama, umepanda ukuta ila kamba imebaki juu, mlinzi kakuruhusu ila kakukariri sura. 6 kushuka mambo yanaharibika na msimulizi anasema yanaharibikaje. Ukiwa na nyongeza ya 1, kati ya namna 36 ambazo dadu mbili zinaweza kuanguka, 10 ni safi, 16 ni za gharama, 10 ni mbaya. Yani matokeo ya kawaida kuliko yote ni "ndio, lakini". Mpango unaenda huku unachubuka chubuka, haukatiki kama uzi.

Halafu kuna Blades in the Dark ya mwaka 2017, ile ni ya wezi wa mjini, wao wameamua hakuna kupanga kabisa. Mnachagua aina ya uvamizi na kitu kimoja tu, mfano kama ni kwa hila mnasema hila yenyewe, dadu zinaamua mnaanzia kwenye hali gani, na gemu inaanzia mlangoni tayari. Ukikwama unasema, jana nilishampa huyu mlinzi hela, mnacheza hicho kipande cha jana, unalipia kwa uchovu wa mhusika, mnaendelea. Inaokoa yale masaa mawili yote.

NjombeBaridi

Hiyo ya jana nilishampa hela nimeicheza, tamu, ila sio ya kila mtu. Mimi yale masaa mawili ndo nayapenda. Ukiniondolea kupanga umeniondolea gemu, sio umenisaidia. Nadhani na fundi ni hivyo hivyo, mtu aliyeomba mfuko wa saruji hataki kuokolewa na kupanga.

ChaiYaMufindi

Sawa hapo umenisahihisha. Basi muulizeni mwenyewe anapenda nini, sisi wote tunamsemea hapa na hajui hata kama uzi huu upo.

MsimuliziUyole

Nimeamua hivi. Kesho mchana napita gereji kwake, sio kumbembeleza arudi, nataka nimwambie nilikosea nini hasa. Mwalimu zile hesabu nimeziandika kwenye karatasi nitampelekea, yeye anapenda namba. Nitarudi niwaambie.

HesabuTamu

Mpelekee. Na mwambie alete ule mfuko wa saruji.

MsimuliziUyole

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, umeme ulikuwa wa kukatika katika wiki nzima na baridi ya huku mnaijua mwezi wa saba, simu nilikuwa nachaji kwa jirani.

Nilienda gereji. Alikuwa chini ya gari, nikachuchumaa nikaanza kumweleza hivyo hivyo yeye akiwa chini, labda ilikuwa rahisi zaidi hatuangaliani. Nikamwambia hatua tano, asilimia 65, inabaki 12 kwa 100. Akanyamaza. Halafu akatoka akafuta mikono akachukua karatasi akaiangalia muda mrefu, akasema kumbe ningepunguza hatua. Nikamwambia hapana, mimi ndo nilitakiwa nipunguze kuchota. Akasema, "mimi nilijua sijui kucheza." Mwezi wa tatu mpaka leo mtu anakaa kwenye sebule yangu kila wiki anajiona hajui kucheza na mimi sikuwahi kuona. Nilimuuliza pia kama anataka gemu isiyo na kupanga, akacheka, akasema ukifanya hivyo siji.

Jumamosi alikuja. Tukakubaliana wote watano kwamba yaliyotokea getini yametokea, hatufuti, hiyo kaka wa Kalenga niliichukua kama ilivyo. Wawili walioanguka hawajafa, wamefungwa chumba kimoja na mhunzi. Nikawauliza, mmebaki na nini mkononi? Mwizi akasema, mimi sikuwahi kupanda ule ukuta, kwahiyo hakuna aliyeniona, na kamba bado ninayo. Mchawi akasema punda wetu walibaki nje ya geti na magunia ya chumvi. Fundi akatoa ule mfuko wa saruji kwenye koti, una mikunjo minne katikati, akaufungua juu ya meza akaukandamiza kwa vikombe pembeni.

Hapo nikafanya ya dada wa Kihesa, nikawauliza nini lazima kiwe kweli. Wakataja vitu vitatu. Kimoja nikawaambia wahusika wenu wangejua ni uongo, punda wakiona moto hawakimbilii getini, wanakimbia kushuka mlima. Fundi akafikiri kidogo akasema basi moto tuuweke juu yao sio chini yao. Nikahisi nywele zinasimama. Cha pili, kama chumba cha wafungwa kina dirisha, nikasema hamna uhakika, wakasema tunaenda hivyo hivyo.

Tumechota mara tatu tu usiku mzima na kila kikaratasi kimerudi kwenye kopo. Moto umewaka. Punda wote sita wameshuka mlima na magunia yamepasuka chumvi imemwagika njia nzima, walinzi nusu wamewafuata maana tajiri anakata mshahara kwa kila gunia. Hicho hakukuwa na cha kuchota, nilikisimulia tu, na fundi alikuwa amesimama. Chumba kumbe hakina dirisha. Ikabidi mwizi apite ndani, kwenye kufuli akachota 6, nikasema limefunguka ila limelia, na mlinzi mmoja aliyebaki ameanza kupanda ngazi. Tukaishia hapo maana ilikuwa saa nne na mmoja wetu bajaji za kwenda Igawilo zinakuwa za shida usiku. Mhunzi yuko nusu ya ukuta ananing'inia, kamba inachanika kwenye jiwe, na fundi ameacha mfuko wa saruji kwangu juu ya kabati akasema msiukunje.